UZI: Paka wa mitaani – kunasa, kufunga kizazi, kurudisha. Utaratibu kamili kwa mitaa ya Pwani

#1 Barazani_Mkunazini

Wakuu, salaam. Swali hurudi lilelile: mtaa umejaa paka, usiku ni vilio vya mashume, vitoto vinafia mitaroni, na jirani ameshaanza kuulizia sumu dukani. Naweka hapa utaratibu mzima ili tusiwe tunaanza upya kila mara. Nimeuandika nikiifikiria Mji Mkongwe, lakini Lamu, Mji wa Kale Mombasa, Kariakoo na Feri mambo hayatofautiani: vichochoro vyembamba, nyumba zimeegemeana, na utumbo wa samaki haukosekani.

Hesabu kwanza. Paka jike hubeba mimba siku 63 hadi 65. Anaweza kupata joto akiwa na miezi minne, na akashika mimba nyingine huku vitoto bado vinanyonya. Kwenye nchi za baridi mchana ukifupika majike hupumzika miezi kadhaa. Kwetu karibu na Ikweta mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hawana msimu wa kupumzika. Mizao miwili mitatu kwa mwaka, vitoto vitatu hadi vitano kila mzao. Wengi wa vitoto hivyo hawafikishi miezi sita: mafua, minyoo, njaa, bodaboda. Anayesema "waacheni watapungua wenyewe" ajue wanapungua namna gani.

Kuwaua au kuwapakia kwenye gunia na kuwatupa mbali hakusaidii, na sababu si huruma peke yake. Paka anakaa mahali kwa ajili ya chakula na maficho. Ukimwondoa yeye, jaa limebaki, dari bovu limebaki. Wa mtaa wa pili wanahamia, na hawa wapya hawajafungwa kizazi, wanazaa kwa nafasi. Katikati hapo panya nao wameshajitawala, wahenga walishasema.

Njia inayofanya kazi: wanase, wafungwe kizazi na madume yahasiwe, wachanjwe kichaa cha mbwa, wakatwe ncha ya sikio la kushoto wakiwa bado usingizini, kisha warudi palepale walipotoka. Kundi lile linaendelea kulinda eneo lake ila halizai tena, na miaka ikienda linapungua kwa uzee.

Sasa jambo ambalo watu hulikosea kuliko yote: maliza kundi moja kabla ya kugusa la pili. Ukinasa paka watano katika kila mtaa kwenye mitaa sita, umetumia pesa za paka thelathini na hakuna mtaa hata mmoja utakaoona tofauti. Majike yaliyobaki yatajaza pengo ndani ya mwaka. Lengo la chini ni paka saba kati ya kumi wa kundi lile, ndani ya wiki chache, kisha unawafuata waliobaki mmojammoja.

Hatua zenyewe:

Wiki mbili kabla, hesabu. Pita alfajiri na baada ya isha, siku tano mfululizo, upige picha kila paka. Andika rangi, alama, sikio. Paka wa rangi tatu (nyeupe, nyeusi na rangi ya chungwa) karibu wote ni majike. Wa rangi ya chungwa wengi ni madume. Dume zima utalijua kwa mashavu mapana na shingo nene. Jike linalonyonyesha lina chuchu zilizovimba na manyoya yamemomonyoka kuzizunguka.

Wakati huohuo lisha saa ileile, mahali palepale. Nusu saa ikipita ondoa kilichobaki. Wakishazoea, weka mitego yenyewe ikiwa imefungwa kwa waya isijifunge, na chakula kiwe ndani. Siku nne tano za hivyo na woga umeisha.

Ongea na daktari wa mifugo kabla hujanasa hata mmoja. Kubaliana naye siku, idadi na bei. Usinase Alhamisi usiku kama daktari wako Ijumaa hafanyi kazi. Paka kukaa mtegoni siku mbili akisubiri meza ni mateso, na mtaa mzima utakuona.

Siku ya kunasa usiwalishe asubuhi. Kunasa kuanze machweo. Chambo kijiko kimoja tu cha samaki wenye harufu kali, kiwekwe nyuma kabisa ya bamba la kukanyagia, na chembe mbili tatu ziongoze kutoka mlangoni. Ukijaza bakuli, paka anaingia usingizini na tumbo limejaa, anatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu.

Mtego ukijifunga, ufunike mara moja kwa shuka au kanga nzito. Giza linamtuliza. Asiyefunikwa atajirusha mpaka pua ichubuke na kucha zing'oke. Na mtego uliotegwa hauachwi peke yake. Kaa pembeni unapouona. Saa nne za asubuhi kwenye jua la Pwani, mtego wa chuma ni tanuri.

#2 FundiWavu

Nyongeza kwenye mtego, maana wa kuagiza ni ghali na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea akipewa vipimo sahihi.

Urefu sentimita 85 hadi 90, upana 28 hadi 30, kimo 32 hadi 35. Mfupi kuliko hapo mlango unaugonga mkia, paka anarudi kinyumenyume na hutamwona tena mtegoni. Wavu uwe wa kuchomelewa wenye matundu ya inchi moja au chini yake, wala si wavu wa kuku wa kusuka. Huo shume anaupasua. Kata ncha zote za waya na uzipige tupa. Nyuma weka mlango wa kuchomoa kwenda juu: ndio wa kumtolea na wa kumhamishia kwenye kizimba bila mkono kuingia.

Bamba la kukanyagia likae theluthi ya nyuma, lijaze upana wote, urefu wake sentimita 20. Likiwa fupi paka analiruka na kula bila kulikanyaga. Likipimwa, chupa ya maji ya nusu lita ikiwekwa juu yake taratibu mlango ushuke. Ukihitaji chupa ya lita moja na nusu, paka mdogo atakula aondoke. Mlango uwe na komeo linaloanguka lenyewe, ili mtego ukipinduka usifunguke. Jaribu: ufunge, ugeuze juu chini, utikise. Ukifunguka mrudishie fundi.

Sakafuni tandika gazeti mpaka lifunike bamba, miguu ya paka haipendi kukanyaga waya. Chini ya mtego ukiona unayumba kwenye mawe ya uchochoro, tia kipande cha boksi. Mtego unaoyumba humfanya paka aingize kichwa na kutoka.

Kwa paka aliyeshakoma mtego, tengeneza kava la kuangusha: fremu ya mbao 90 kwa 90, kimo 35, juu na pembeni wavu laini wa nyuzi, upande mmoja una mlango wa kusukuma. Inua ukingo mmoja kwa kijiti, funga kamba ya mita nane, kaa mbali. Subiri paka awe katikati na mkia umeingia wote, vuta. Likishuka, lifunike haraka, mlango kwa mlango na mtego wa kawaida usiofunikwa. Atakimbilia kule anakoona mwanga. Mtu wa pili aukanyage ukingo wa fremu, maana shume la kilo tano linaliinua.

#3 MamaKibokoni

Ahsanteni sana. Naomba ufafanuzi juu ya majike yenye watoto, hapo ndipo wengi tunapoogopa. Ukimnasa mama, vitoto si vinakufa?

#4 DawaNaMifugo

Mama Kibokoni, anayenyonyesha anaweza kufanyiwa operesheni. Maziwa hayakauki kwa sababu ya kufungwa kizazi. Ila mpangilio unabadilika:

Kama vitoto vinajulikana vilipo na vina chini ya wiki nne tano, wengi tunapendelea kusubiri. Vikishaanza kula vyenyewe, mama anaingia. Kama amenaswa bila kutarajiwa na unaona chuchu zinatoka maziwa, mwambie daktari awe wa kwanza mezani asubuhi, na arudishwe jioni ileile akiwa macho kabisa na anatembea sawasawa, au alfajiri inayofuata. Vitoto vyenye afya huvumilia saa hizo. Havivumilii siku tatu. Mwombe daktari apasue ubavuni badala ya katikati ya tumbo: kidonda kiko mbali na chuchu, vitoto havikichokonoi, na wewe unaweza kukikagua ukiwa mita tatu bila kumshika.

Vitoto vyenyewe: kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo paka anapojifunza kuwa binadamu si adui. Mwenye nyumba ya kuwapokea awachukue wakiwa na wiki tano sita, baada ya kuanza kula. Kitoto cha miezi minne aliyekulia darini hatakuwa paka wa mapajani, usimlazimishe; mfunge kizazi, mrudishe kwao. Vitoto hufanyiwa operesheni kuanzia wiki nane hivi, wakishafika kilo moja.

Kufunga kula: paka mkubwa kwa muda wa saa 8 hadi 12. Kitoto saa mbili hadi nne tu, sukari ya damu inashuka haraka. Akichelewa kuzinduka na amelegea, mpake asali kidogo kwenye ufizi, usimmiminie kinywani.

Uzito lazima ujulikane kabla ya dawa ya usingizi. Pima mtego na paka ndani, toa uzito wa mtego mtupu ulioandikwa ubavuni kwa rangi. Kukisia kwa macho kunaua paka. Huku kwetu mara nyingi hutumiwa ketamini na zailazini. Hii ya pili hutapisha paka, ndiyo maana tumbo tupu si jambo la hiari.

Baada ya operesheni: alale ubavu, shingo imenyooka, asiegemee kona ya mtego akaziba koo. Joto la mwili hushuka hata Pwani, kwa hiyo gazeti jipya na taulo kavu chini, pasiwe na feni inayompulizia. Macho hubaki wazi chini ya dawa, daktari ayapake mafuta yasikauke. Maji na chakula kidogo baada ya kuinua kichwa na kukaa wima, si kabla. Dume hukaa saa 24, jike saa 24 hadi 48, zaidi kama alikuwa na mimba kubwa au kidonda kina kasoro. Nyuzi ziwe za kuyeyuka na zizikwe chini ya ngozi. Hakuna atakayemnasa tena kuja kutoa nyuzi.

Mrudishe haraka kwa daktari ukiona damu inaendelea kudondoka, ufizi mweupe, kidonda kimeachama, au saa tano zimepita hajainua kichwa.

Mwisho, mawili yanayoua paka majumbani kila siku. Panadol: kidonge kimoja kinatosha kumuua, ini lake haliwezi kuivunja. Dettol: ile inayogeuka nyeupe kwenye maji ni sumu kwa paka, atailamba mwilini. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Na ile dawa ya matone ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini isimguse kabisa.

#5 Kisiwandui_Kijana

Mkuu #4, kuna wanaosema wanawapa paka vidonge vya uzazi wa mpango vya akina mama, au sindano ya miezi mitatu. Ni rahisi kuliko operesheni. Hili likoje?

#6 DawaNaMifugo

Liachwe. Homoni zile humletea paka usaha kwenye mji wa mimba, matiti kuvimba na saratani ya matiti. Pia hujui nani amekula kidonge. Mmoja anakula vitatu, mwingine hakuna, na akikosa mara moja anashika mimba. Anayekufa kwa usaha wa kizazi darini hafi kwa siku moja. Operesheni ni mara moja na imekwisha.

#7 Ustadh_Langoni

Assalaam alaykum. Naongezea upande unaoulizwa sana misikitini. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ale vidudu vya ardhini. Basi anayenasa achukue funzo la kivitendo hapo: paka aliye mtegoni yuko mikononi mwako, njaa yake na kiu yake ni juu yako. Muda wa kufungwa kula kabla ya operesheni una sababu ya kitabibu. Muda wa uzembe hauna.

Kuhusu kufunga kizazi, wapo wanazuoni walioruhusu pale paka wanapokuwa wengi wenye kudhuru, kwa sharti mnyama asiteseke. Waendeeni maimamu wa mtaa mapema na kuwaeleza jambo hili kabla mitego haijaonekana uani mwa msikiti. Imamu akilitaja kwa dakika mbili baada ya swala, mtaa wote unatulia, na watoto wanakuwa walinzi wa mitego badala ya kuifungua.

#8 Barazani_Mkunazini

Wa alaykum salaam Ustadh, ahsante, hilo la watoto ni kweli tupu. Ruhusa nyingine ni ya mjumbe au sheha, na ya wenye migahawa. Mwenye mgahawa anayewalisha kwa siri usiku ataharibu mpango wote: paka ameshiba, mtego haumhusu. Mwombe asitoe chakula usiku mmoja tu, na mtaje tarehe.

Kwa wanaofikiria sumu: Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Na sumu haichagui. Kuku, mbwa wa jirani, kunguru, mtoto anayetambaa, wote wanaokota kutoka ardhini ileile.

#9 Feri_Dagaa

Mmeeleza kunasa vizuri, lakini kundi la sokoni lina jambo lake. Feri paka hawana saa ya njaa, samaki wapo tangu alfajiri. Mbinu ya kulisha saa ileile haifanyi kazi hapo. Kinachosaidia ni kunasa siku soko lilipolala au usiku wa manane baada ya sakafu kuoshwa, na kubadilisha chambo. Paka anayekula samaki kutwa hashituki na dagaa. Maini ya kuku ya kuchoma au kuku wa kukaanga humvuta.

Halafu wale wanaolisha. Wali mtupu na ugali mtupu si chakula cha paka, yeye ni mla nyama kwa maumbile. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Utumbo mbichi wa samaki kila siku nao una madhara, chemsha kwanza. Dagaa wa chumvi waloweke, mwaga maji, ndipo uchemshe. Chakula kiwe juu ya sinia, si chini, na sinia liondoke nawe. Mabaki yanaita panya, nzi, na lawama za majirani, na lawama hizo ndizo zinazoleta sumu.

Pipa lenye kifuniko na jaa linaloondolewa kila siku hupunguza idadi ya paka ambao mtaa unaweza kuwabeba. Lakini usiondoe chakula ghafla kabla ya kuwafunga kizazi. Watatawanyika mitaa ya jirani na utakuwa umewapoteza.

#10 Msitu_na_Bahari

Nakubaliana na mengi, ila kurudisha palepale kusifanywe kanuni ya kila mahali. Mjini sawa. Pembeni mwa msitu wa hifadhi, visiwa vya ndege, au fukwe wanakotaga kasa, paka aliyefungwa kizazi bado anakula mijusi, ndege na vitoto vya kasa kwa miaka yote aliyobakiza. Bara kuna tatizo la pili: paka wa nyumbani huzaliana na paka pori wetu na kuiharibu mbegu yake. Maeneo hayo paka waondolewe na kupelekwa kwenye nyumba au mashamba yanayowahitaji, na paka wa vijiji vya pembezoni wafungwe kizazi kwanza.

#11 Barazani_Mkunazini

Hoja yako naipokea, nami nasahihisha #1: ninachosema ni cha mitaa ya mji. Kwa hayo maeneo, na kwa paka ambaye nyumba yake inabomolewa, kuhamisha kuna masharti yake. Kumfungulia tu kwenye shamba jipya ni kumpoteza, ataondoka usiku huohuo akitafuta kwao. Akae kwenye kizimba kikubwa au stoo yenye madirisha ya wavu wiki mbili hadi tatu, alishwe na mtu yuleyule, awe na sanduku la mchanga na mahali pa kujificha. Wahamishwe wawili wawili wanaojuana.

#12 MamaKibokoni

Na mtu akiumwa au kuparurwa wakati wa kuhamisha?

#13 DawaNaMifugo

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, usikifunge, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama paka anaonekana mzima. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki. Chanjo ya mapema huzuia. Jino la paka pia ni jembamba na refu, linapanda vijidudu ndani na juu panafunga, kwa hiyo mkono huvimba ndani ya siku moja. Wanaonasa mara kwa mara wapate chanjo ya kinga kabla. Mkono usiingie mtegoni kamwe, hata na glavu.

Mama mjamzito asishike mchanga wa paka wala asilime bustani wanapojisaidia bila glavu, kwa sababu ya toksoplasma, vimelea vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka. Kinyesi kikiondolewa kila siku hatari hupungua sana, kwa kuwa vimelea huchukua siku moja hadi tano nje kabla ya kuweza kuambukiza. Nyama isiyoiva nayo huambukiza, watu husahau.

#14 Kisiwandui_Kijana

Sikio kukatwa ni lazima? Wengine wanaona ni ukatili, picha tu si zinatosha?

#15 FundiWavu

Picha haikusaidii saa tano usiku na paka weusi wanne wanaofanana. Bila alama, jike lililofungwa kizazi litanaswa tena, litalazwa tena, litapasuliwa tumbo tena bure. Kipande ni kama sentimita moja kwa paka mkubwa, kinakatwa mstari mnyoofu ili kisifanane na sikio lililochanwa kwenye ugomvi. Yuko usingizini, hahisi. Wewe ukikuta mtegoni paka mwenye sikio lililokatwa, mfungulie hapohapo. Ukanda wa shingoni usitumie, unanasa kwenye mabati na kumnyonga.

#16 Barazani_Mkunazini

Kuhusu pa kuanzia: kuna mashirika ya kutetea wanyama, Zanzibar waulizeni ZAASO, Kenya KSPCA. Hospitali za mafunzo za mifugo za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, nazo hupokea wanyama wadogo. Kwingine, ofisi ya mifugo ya wilaya itakwambia daktari gani anafanya operesheni za paka, maana si kila anayetibu ng'ombe amezoea mji wa mimba wa paka wa kilo mbili.

Na baada ya kurudisha msitupe daftari. Pita mara moja kwa wiki. Vilio na ugomvi wa madume hupungua wiki chache baadaye, siyo siku ya pili, na dume lililohasiwa linaweza bado kutia mimba kwa muda wa wiki kadhaa, kwa hiyo jike moja lililobaki lisikuchanganye. Mgeni mwenye masikio mazima akionekana, mnase wiki hiyohiyo kabla hajazoea. Huyo mmoja ndiye kazi yote ya mwaka wa pili.

#17 MamaKibokoni

Tumehesabu uchochoro wetu: kumi na tisa, majike kumi na moja, wawili wananyonyesha. Mitego minane inachomelewa kwa vipimo vya #2. Nitaleta picha ya bamba hapa kabla fundi hajapaka rangi, mlikague.

#18 FundiWavu

Leta. Na mwambie asipake rangi ndani, harufu yake inakaa wiki nzima na paka hataingia. Uzito wa mtego tu ndio uandikwe, nje, ubavuni.